Vidonge vya Bibi na Sumu ya Nyoka



Ramadhan moja hapa Majengo, bibi mmoja jirani yetu aliacha vidonge vyake vya presha. Hakuviacha kwa sababu ya saumu. Alikuwa akivimeza baada ya kufuturu bila taabu yoyote, akiteremshia na kikombe cha uji. Aliviacha kwa sababu kijana mmoja wa mtaa, apendaye kusoma, alimwambia barazani baada ya tarawehe: "Bibi, unajua hizo dawa zako zimetoka kwa nyoka?" Kijana alikuwa anatafuta mazungumzo tu. Bibi akanyamaza, akaingia ndani, akakifunga kipakiti cha dawa kwenye kitambaa, na hakukifungua tena. Siku ya sita aliamka kichwa kinamgonga na macho yana kiwi, ikabidi wanawe wamkimbize hospitali usiku kwa teksi. Alhamdulillah, alirudi salama.

Alipopata nafuu aliuliza swali moja tu: "Haya, niambieni ukweli wanangu. Nimekuwa nikila nyoka miaka yote hii?" Watu wakatazamana. Mmoja alisema ndiyo, mwingine akasema hapana, mwingine akabadilisha mazungumzo.

Makala haya ni jibu la bibi. Na jibu lenyewe ni refu kidogo, maana linapita Baghdad, Brazil, jangwa la Marekani, halafu linarudi kwenye miembe ya pwani yetu.

MAMBO YALIANZA ZAMANI

Kwanza tusidhani kwamba kutafuta dawa kwa nyoka ni uzushi wa Wazungu wa leo. Waganga wa Kiyunani na wa Kirumi walikuwa na dawa moja mashuhuri iliyochanganywa na nyama ya nyoka. Waislamu walipoipokea elimu ya tiba, dawa hiyo ikaitwa tiryaq. Ilikuwa na viungo vingi mno, na ilitumiwa dhidi ya sumu za kila aina. Madaktari wakubwa wa Kiislamu waliijua na kuiandikia, na Ibn Rushd wa Andalusia aliandika risala nzima juu yake. Kipo hata kitabu cha Kiarabu kilichochorwa picha za kupendeza, Kitab al-Diryaq, ambacho nakala yake ya mwaka 595 Hijria, yaani 1199 Miladia, imehifadhiwa katika maktaba ya taifa mjini Paris.

Wanazuoni nao hawakulinyamazia jambo hili. Walitofautiana kuhusu dawa yenye nyama ya nyoka, wengine wakaikataa kabisa, wengine wakaangalia dharura. Kwa hiyo swali la bibi wa Majengo ni la kale, lenye heshima yake. Hakuna haja ya kumcheka.

Lakini tiryaq ilikuwa kubahatisha. Watu wa zamani waliona kwamba ndani ya nyoka mna nguvu, ila hawakujua nguvu hiyo ni kitu gani hasa. Ilichukua karne nyingi mpaka ikajulikana.

UJUMBE UNAOTEMBEA NDANI YA DAMU

Ili tuelewe, hebu tuanze na mwili wa mtu aliyefunga. Saa kumi alasiri koo limekauka. Ukienda msalani, mkojo ni kidogo na rangi yake imekolea. Nani aliyeziambia figo zibane maji? Ni ujumbe uliotoka ubongoni, ukapita ndani ya damu, ukafika kwenye figo na kusema: maji ni haba, yatunzeni. Ujumbe huo unaitwa vasopresini, na ni mmoja wa zile jumbe tunazoziita homoni. Insulini ni homoni pia. Inatoka kwenye kongosho baada ya wewe kula tende na uji, ikaufungulia sukari mlango wa kuingia kwenye misuli.

Homoni nyingi za namna hii ni peptaidi, yaani vijipande vifupi vya protini, mfano wa tasbihi yenye shanga chache. Kila peptaidi ina umbo lake, na kila kiungo kina kufuli lake. Peptaidi ni ufunguo. Ikiingia kwenye kufuli lake, kazi inaanza.

Sasa nyoka anataka nini? Anataka kumwangusha panya upesi kabla hajakimbia. Njia mojawapo ni kuvuruga jumbe hizi. Kwa hiyo katika sumu za baadhi ya nyoka mna funguo bandia zinazofanana na homoni, au vitu vya kuziba makufuli. Presha ya panya inaanguka ghafla, naye analala hapo hapo. Wataalamu walipoligundua hilo wakajiuliza: ufunguo unaoshusha presha ya panya mpaka afe, je, tukiuchukua kwa kipimo kidogo, hauwezi kumsaidia mtu ambaye presha yake imepanda?

NYOKA WA BRAZIL

Hapo ndipo inapoanza habari ya vidonge vya bibi. Huko Brazil kuna nyoka hatari sana aitwaye jararaca. Mwaka 1948, mjini São Paulo, Maurício Rocha e Silva na wenzake Wilson Beraldo na Gastão Rosenfeld walichanganya sumu ya nyoka huyo na damu ya mbwa. Wakaona damu yenyewe imetoa kitu kipya kinacholegeza mishipa na kushusha presha. Wakakiita bradikinini. Kumbe kitu hicho kiko katika mwili wa kila mmoja wetu, ila sumu ilikuwa imekiamsha.

Shida ni kwamba bradikinini haidumu. Mwili una kimeng'enya kinachoivunja mara moja. Mwaka 1965 kijana wa Kibrazili, Sérgio Ferreira, aliyekuwa mwanafunzi wa Rocha e Silva, alionyesha kwamba ndani ya sumu hiyo hiyo mna peptaidi zinazoizuia bradikinini isivunjwe. Alisafiri nazo hadi London, kwenye maabara ya John Vane. Baadaye ikabainika kwamba kimeng'enya kinachoivunja bradikinini ndicho hicho hicho kinachotengeneza homoni nyingine ya kubana mishipa ya damu. Yaani adui mmoja mwenye kazi mbili. Ukimziba huyo, mishipa inalegea kwa njia zote mbili.

Kampuni ya Squibb ya Marekani ikaichukua kazi hiyo. Peptaidi ya nyoka ilishusha presha kweli, lakini ilikuwa ya sindano tu, maana ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga nyama. Mzee gani atadungwa sindano kila siku kwa maisha yake yote? Ndipo David Cushman na Miguel Ondetti wakafanya kazi ya fundi wa funguo. Waliliangalia umbo la ile peptaidi, wakatengeneza kwa kemikali kitu kidogo kinachoingia kwenye kufuli lile lile, lakini kisichosagwa na tumbo. Hicho ndicho captopril, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Mwaka 1985 kikafuata ndugu yake, enalapril, ambacho wazee wengi wa mitaa yetu wanakibeba katika vile vipakiti vya kliniki.

BASI BIBI ALIKULA NYOKA AU HAKULA?

Hakula. Ndani ya kidonge cha enalapril hamna nyama ya nyoka, wala sumu yake, wala tone la damu yake. Hakuna nyoka anayekamuliwa ili kidonge kitengenezwe. Nyoka alikuwa mwalimu tu. Ni mfano wa mtu aliyeangalia bawa la ndege akaunda ndege ya chuma. Ukipanda ndege ya kwenda Jeddah hujapanda kunguru.

Mimi si mufti, na mwenye wasiwasi amuulize mwanachuoni na mfamasia pamoja, maana baadhi ya dawa zina maganda ya jelatini na hilo ni suala lake lenyewe. Lakini suala la nyoka limekwisha.

Wazee wetu wenye sukari walikuwa na mtihani mzito zaidi ya huu. Insulini ilidungwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa anakaribia kufa. Kwa miaka mingi baada ya hapo insulini ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho za ng'ombe na za nguruwe. Familia za Kiislamu duniani kote zilihangaika na swali hilo. Watu wachache wanajua kwamba mwaka ule ule wa 1922, J.J.R. Macleod, mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya insulini, alikwenda pwani ya Kanada akaitoa insulini kwenye samaki. Kuna samaki ambao vinundu vya kutengeneza insulini vimejitenga na kongosho, kwa hiyo ni rahisi kuvichukua. Lakini samaki ni mdogo na ng'ombe ni mkubwa, viwanda vikabaki na machinjio. Mpaka mwaka 1982 ndipo ikaidhinishwa insulini ya umbo la binadamu, inayotengenezwa na bakteria ndani ya matangi. Tangu hapo, pole pole, ile ya nguruwe ikaondoka kwenye maduka mengi ya dawa.

MJUSI WA JANGWANI

Tukiwa bado kwenye sukari, kuna mnyama mwingine. Katika jangwa la Arizona na kaskazini ya Mexico anaishi mjusi mnene, mwenye madoa meusi na ya rangi ya chungwa, aitwaye Gila monster. Anauma, na ana sumu. Anakula mara chache tu kwa mwaka.

Daktari John Eng, wa hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, alikuwa akisaka homoni mpya kwenye sumu za wanyama. Mwaka 1992 alitangaza kwamba kwenye sumu ya mjusi huyu amepata peptaidi ya shanga 39, akaiita exendin-4. Inafanana na homoni moja ya utumbo wetu inayoliambia kongosho: chakula kimefika, toa insulini. Ile yetu inavunjwa ndani ya dakika chache. Ya mjusi inadumu kwa saa kadhaa. Na tena ina adabu: inalisukuma kongosho pale sukari inapokuwa juu tu, sukari ikishuka nayo inatulia.

Dawa iliyotengenezwa kwa mfano huo, exenatide, iliidhinishwa Marekani mwezi wa Aprili 2005. Hapa peptaidi ni ile ile, lakini inaundwa maabara shanga kwa shanga, mjusi hakamuliwi. Baada yake zilikuja sindano nyingine zilizoigwa kutoka kwenye homoni ya binadamu mwenyewe, kama liraglutide na semaglutide, ambazo vijana mmesikia watu wakizitaja kwa ajili ya kupunguza mwili. Mwezi wa Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za jamii hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Bei yake lakini bado iko mbali na mfuko wa familia nyingi za Eastlands.

NYOKA WA MIEMBENI KWETU

Sasa turudi nyumbani. Ukishuka Mombasa, Kilifi, Watamu mpaka Tanzania na Unguja, kuna nyoka mwembamba, wa kijani kama jani bichi, anayekaa juu ya miembe, mikorosho na minazi. Hushuka chini mara chache. Wataalamu wanamwita Dendroaspis angusticeps. Wazungu wanamwita mamba wa kijani, lakini hilo "mamba" wamelitoa kwenye Kizulu, halihusiani na mamba wetu wa mtoni. Ni nyoka mwenye haya, anakimbia watu, ila sumu yake si mchezo.

Mwaka ule ule wa 1992, katika jarida lile lile la kisayansi alilochapisha John Eng, Michel Lazdunski na wenzake wa Ufaransa walieleza peptaidi ya shanga 38 waliyoipata kwenye sumu ya nyoka huyu. Ajabu yake ni hii. Moyo wa binadamu wenyewe hutoa homoni. Hilo lilijulikana mwaka 1981 tu, kwa kazi ya Adolfo de Bold huko Kanada. Moyo ukielemewa na damu nyingi, hutuma ujumbe kwa figo: toeni chumvi na maji, mnipunguzie mzigo. Na nyoka wa kijani wa miembeni amebeba ujumbe wa aina hiyo hiyo kwenye sumu yake, tena wa kudumu zaidi kuliko wetu.

Madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, wakachukua kipande cha mwisho cha peptaidi ya nyoka, wakakiunganisha na homoni ya binadamu ya jamii hiyo. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya dawa hiyo, cenderitide, kwa ajili ya watu ambao moyo wao umedhoofika na miguu inajaa maji. Imejaribiwa kwa binadamu, lakini haijafika kwenye duka la dawa.

Halafu mwaka 2017, Wafaransa wengine wakatoa kwenye sumu ya nyoka huyu huyu peptaidi ya shanga 57, wakaiita mambaquaretin. Hii inaziba kwenye figo kufuli la vasopresini, ile homoni ya alasiri ya mtu aliyefunga. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao figo zinajaa vifuko vya maji mpaka zinashindwa kufanya kazi, na vasopresini inavikuza. Panya waliopewa peptaidi hiyo, vifuko vyao vilipungua. Nayo bado iko maabara.

Tahadhari hapa: hakuna hata moja katika haya inayomaanisha kwamba sumu yenyewe ni dawa. Mtu akija kukuuzia mafuta au unga wa nyoka ati wa presha, mwambie aende zake. Na mtu akiumwa na nyoka, hospitali moja kwa moja, bila kuchanja wala kunyonya jeraha.

NANI ANAFAIDI?

Ndugu msomaji, angalia majina yote niliyoyataja. Wabrazili wapo, Wafaransa wapo, Wamarekani, Wakanada. Mtu wa Kilifi hayupo, wala wa Pumwani. Nyoka ni wa kwetu, kisomo ni cha wenzetu.

Wabrazili wana uchungu na habari ya captopril mpaka leo. Nyoka wao, wataalamu wao, lakini dawa ikawa mali ya kampuni ya nje, na Brazil haikupata fungu. Sheria ya kuzuia hayo ilikuja baadaye. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai ulitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya ya kugawana manufaa ikaanza kazi mwaka 2014. Kenya iko ndani ya yote mawili, na tangu mwaka 2006 ina kanuni zake: anayetaka kuchukua viumbe vyetu kwa utafiti, sharti apate kibali cha NEMA na makubaliano ya kugawana faida.

Lakini karatasi peke yake haigundui dawa. Anayegundua ni mtu aliyekaa maabara. Na maabara zipo. Kule Karen, hapa hapa Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani, kipo kituo cha utafiti wa nyoka na sumu zao. Watamu kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa na James Ashe mwaka 1980. Na bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1961, ni mwendo wa matatu tu kutoka Gikomba. Wengi wetu tumekwenda na shule, tukapiga kelele kwenye vioo, tukarudi. Kijana wa fomu tuu unayesema kemia ni ngumu na haina faida, kumbuka kwamba presha ya bibi yako inashikiliwa na mtu aliyekaa akaichora peptaidi ya nyoka kwenye karatasi mpaka akaielewa.

RAMADHAN HII TUFANYE NINI?

Kwanza, mgonjwa wa presha au sukari asipange dawa zake mwenyewe. Aende kliniki kabla ya mwezi kuandama, amwambie daktari kwamba anataka kufunga, wapange pamoja kipi kimezwe baada ya futari na kipi wakati wa daku. Mwenye kutumia insulini hasa, kwake kushuka kwa sukari mchana ni hatari ya kweli. Na akiambiwa asifunge, aya za saumu katika Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa yake. Si aibu.

Pili, wako wazee wanaoacha enalapril kwa sababu ya kikohozi kikavu kisichoisha. Sasa unajua siri yake: ni ile bradikinini, ambayo dawa inaizuia isivunjwe, ndiyo inayowasha koo. Dawa ya kikohozi haitasaidia. Mzee arudi kliniki abadilishiwe, kwani zipo nyingine zisizo na tabia hiyo. Asiache kimya kimya.

Tatu, sisi vijana tujifunze kumaliza maneno. Yule kijana wa barazani hakusema uongo. Alisema nusu ya ukweli, akaenda zake kunywa chai, na ile nusu iliyobaki ilikaribia kumuua mtu.

Bibi yuko hai na anafunga. Tulikaa naye tukamweleza kama nilivyokueleza wewe, nyoka, fundi wa funguo na yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa si mngeniambia hivyo tangu mwanzo?" Akaomba maji, maana adhana ya Ishaa ilikuwa imekaribia, akameza kidonge chake.

Ramadhan njema kwenu nyote.